Mwaka Niliofunga Simu ya Wamaza

Mwezi uliopita, kwenye harusi ya mtoto wa jirani hapa Kasongo, walinikalisha meza moja na mwanaume aliyekuwa mkuu wangu wa kazi nilipokuwa na miaka ishirini na tatu. Tulimwita Shefu Bosco. Amenenepa, ndevu zimeingia mvi, na miwani yake ya kusomea haivui hata wakati wa kula. Aliponitambua alinyanyuka, akanishika mikono yote miwili, kisha akawageukia waliokuwa mezani kana kwamba ananinadi. "Huyu Zaina munayemuona," akasema, "alikuwa anaketi hapa Kasongo, anagusa mashine kidogo tu, na telefone zote za Kabambare zinamutii. Zote! Bila kutoka kwenye kiti." Watu wakacheka, mama mmoja akanipigia makofi. Mimi nilitazama wali kwenye sahani yangu, na kipande cha samaki juu yake, nikaisukuma kando. Nikasingizia joto, nikatoka nje, nikauzunguka ua wa watu mara tatu nne na viatu vyangu vya kisigino, mpaka kijana aliyekuwa akilinda pikipiki akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana. Tangu siku ile sijatulia, ndiyo maana naandika.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mradi mmoja wa afya ulikuwa umegawa simu kwenye vituo vya afya vya Kasongo na Kabambare, kila kituo simu moja, ili kila wiki muuguzi atume ripoti: wenye surua wangapi, wenye kuhara wangapi, waliojifungua wangapi. Zamani ripoti zilikuja kwa karatasi juu ya pikipiki, zikafika zimelowa, au zimechelewa mpaka ugonjwa wenyewe umeshapita. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Bukavu na diploma ya kompyuta, nimeshaandika barua za kuomba kazi Lubumbashi, na niliishika kazi hii kama mtu aliyejibanza kwenye kibaraza cha wengine akisubiri mvua ikatike. Biro yetu, yaani ofisi, ilikuwa chumba kimoja kilichowahi kuwa duka la vitambaa. Rafu za mbao zilikuwa bado ukutani, na harufu ya kitenge kipya ilikuwa imekataa kuhama. Kona moja zilipangwa betri za umeme wa jua, zikivuma mchana kutwa. Dirisha lilitazama ua wa Mama Salima, ambaye alikaanga mandazi, na kuanzia asubuhi niliyasikia mazungumzo ya wateja wake: nani ameposwa, nani amerudishwa kwao, kama mitumbwi ya Nyangwe imeleta samaki au bado. Niliyasikia yote, na yote yaliniudhi, kwa sababu yalikuwa mazungumzo ya watu wanaobaki. Mguu wangu wa kulia haukutulia chini ya meza. Shefu Bosco alikuwa akisema, "Zaina, iyo muguu itatoboa simenti ya mwenye nyumba."

Simu zilifika zikizungumza Kiingereza. Wauguzi wetu walikuwa na Kifaransa cha shule, Kiswahili, na Kibangubangu au Kizimba cha nyumbani, Kiingereza hakuna. Juu ya hayo, kampuni ya simu ilibadilisha jina la lango lake muda mfupi baada ya sisi kuzigawa. Lango ni neno tu, herufi chache na nukta katikati, ambalo lazima liandikwe ndani ya simu ili ijue ipitie wapi kuingia kwenye intaneti. Ukikosea herufi moja, simu inapiga na kupokea kama kawaida, lakini haitumi ripoti wala haileti picha. Basi miezi ya kwanza kazi yangu ikawa kumpigia kila muuguzi na kumwongoza kwa sauti, mimi nikiwa na simu kama yake mkononi.

Ndivyo nilivyojuana na Mama Feza, muuguzi mkuu wa kituo cha Wamaza. Wakati ule mtandao wa Wamaza ulishikika mahali pamoja tu, juu ya kilima kidogo nyuma ya kanisa, na yeye alikipanda akiwa na daftari kwapani.

"Mama, unaona kale kadude ka meno-meno, kama gurudumu ya baiskeli?"

"Niko nakaona."

"Gusa. Sasa shuka, hesabu mustari wa ine."

"Wa ine uko na ndege."

"Hapana Mama, ndege usiguse! Ukigusa ndege tutapoteana."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha tukaandika lango, herufi kwa herufi, N ya Nyangwe, T ya Tomaso, na kila herufi aliirudia mara mbili na kuiandika kwanza kwenye daftari. Ilituchukua asubuhi nzima. Ripoti yake ilipoingia kwenye mashine yangu nilipiga kelele peke yangu ofisini, na Mama Salima akachungulia dirishani kuuliza kama ni nyoka. Baada ya hapo Mama Feza alinipigia hata bila shida yoyote. Nyuma ya sauti yake nilisikia kuku, upepo, mtu akimwita kutoka bondeni kwamba mama fulani chupa ya uzazi imepasuka. "Zaina," alisema, "unakula huko? Sauti yako iko kama ya mutu mwenye njaa." Siku moja aliniambia kwamba kwa simu ile sasa anaongea na binti yake Riziki, aliye Kalemie anakojifunza kushona. "Kila siku namuona uso. Aksanti yako." Nikasema si kitu, Mama.

Kisha Shefu Bosco alirudi kutoka Goma na programu mpya. Aliiweka kwenye mashine yangu, akavuta kiti. Kuanzia sasa, alisema, hakuna tena mambo ya ndege na gurudumu: tunaandika mpangilio hapa mara moja, tunabonyeza, na kila simu ikipata mtandao itauchukua yenyewe. Na ukurasa wa mipangilio utafungwa kwa namba ya siri ambayo ni sisi wawili tu tunaijua, ili mtu asiharibu. Tulijaribu. Moja baada ya nyingine, majina ya vituo yakageuka kutoka nyekundu kuwa kijani, Nyangwe, Kasongo, Wamaza, na mimi nikajisikia kama nimenyoosha mkono mrefu unaopita juu ya misitu na mito na kugusa meza ya kila muuguzi. Siwezi kusema uongo, nilipenda. Lakini simu za wauguzi zikapungua, kisha zikaisha. Hawakuwa na sababu ya kunipigia. Nilibaki na uvumi wa betri na mandazi ya Mama Salima, na barua kutoka Lubumbashi haikuja. Niliamka na kuketi, niliamka na kuketi.

Ukuta kati yangu na upande wa Shefu Bosco wa chumba kile ulikuwa ubao mwembamba. Asubuhi moja nilimsikia akiongea na Kinshasa, akisema ndiyo, ndiyo, tutafunga. Akatoka. Intaneti ya mradi, alisema, inaisha kabla ya mwezi kufika katikati, na Wamaza peke yake inakula kuliko vituo vingine vyote. Kampuni imetupa lango lingine, linalopeleka ripoti tu na kukataa kila kitu kingine. "Uwatumie wote leo."

"Mama Feza anaongea na mutoto wake," nikasema.

"Apige telefone ya kawaida kama watu wote."

Ilikuwa hoja nzuri. Mimi mwenyewe sikuona kwa nini asipige simu ya kawaida. Niliandika lango jipya, nikabonyeza, huku natafuna andazi. Majina yakageuka kijani.

Kesho yake Mama Feza akanipigia. "Zaina, picha imekatika. Ukurasa wa gurudumu unaniomba namba. Namba gani nitie?"

Ningeweza kumwambia. Ilikuwa sentensi moja tu: tumefunga, Mama, ni amri. Lakini nilikuwa nimeizoea sauti yake ikinishukuru, na nikaogopa kuisikia ikibadilika. "Ni rezo, Mama," nikasema, yaani mtandao. "Inasumbua fasi zote. Vumilia kidogo." Alinipigia tena wiki ile, na wiki iliyofuata, na kila mara nikasema rezo. Mara moja aliniuliza kama huko Kasongo picha zinapita, na nikamwambia hazipiti, wakati mkononi nina simu yangu naangalia picha za harusi ya mwenzangu wa Bukavu. Wiki saba zilipita namna hiyo. Kisha Wamaza haikupiga tena, na ripoti yake haikuingia, na jina lake kwenye mashine likawa jeusi. Shefu Bosco akaniambia nipande pikipiki nikaangalie.

Tulienda siku moja na nusu, mimi na Ramazani, dereva mkimya aliyejua kila dimbwi la njia ile kama anavyojua mifuko ya suruali yake. Nilimkuta Mama Feza mlangoni pa kituo akinawa mikono. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alinikumbatia na mikono ingali na maji, akarudi nyuma kunitazama, akasema, "Nilisema miye, huyu mutoto hakuli." Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili nyuma ya kituo. Alituletea ugali wa muhogo, sombe yenye karanga, na samaki wa moshi, akakaa kwenye kigoda kutuangalia tukila. Ukutani, juu ya kitanda, kulikuwa na picha ya msichana aliyeshika kitambaa mbele ya cherehani. Nikauliza kama ndiye Riziki.

"Ndiyo yeye. Alipokuwa na miaka mine, homa ya kichwa ilimushika, ikamuacha lakini ikachukua masikio. Hasikii hata ngoma. Na kusoma anajua jina yake tu." Akanyoosha mikono, akaigeuza hewani haraka, vidole vikipanda na kushuka. "Tunaongea hivi. Lugha yetu, tuliitunga wawili. Ndiyo maana nilikusumbua sana na picha, mutoto wangu. Bila picha, siye hatuna kitu. Mwenye kumukalisha huko Kalemie nimemupigia, telefone yake haipatikani."

Tonge lilikuwa kwenye vidole vyangu. Nakumbuka nililirudisha kwenye sahani na kulibana, nikalibana tena, mpaka Ramazani akanitazama.

Asubuhi tulipanda kile kilima. Mama Feza alinikabidhi simu ikiwa imefungwa kwenye kitambaa cheupe cha kituo. Alisema aliona picha hazirudi, akajaribu kutengeneza mwenyewe kwa daftari. Akabahatisha namba ya siri kila siku mpaka simu ikajifunga yote, na tangu hapo aliona haya kunipigia kwa kuwa ameharibu kitu cha kazi. Niliingiza namba. Simu ikafunguka. Nikaenda kwenye gurudumu, mstari wa nne, chini ya ndege, nikafuta lango nililotuma mimi. "Nisomee daftari," nikamwambia. Akavaa miwani na kunisomea herufi zake, N ya Nyangwe, T ya Tomaso, na nilipomaliza, alama ya intaneti ikatokea juu ya kioo.

Alikitazama kile kioo, kisha daftari.

"Kumbe herufi zangu zilikuwa muzuri."

"Zilikuwa muzuri, Mama."

"Na rezo ilikuwako."

"Ilikuwako."

"Sasa nani alifunga?"

"Miye."

Akafunga daftari. Kabla sijaongeza neno, simu ikaanza kutetemeka mkononi mwangu, mara moja, mara kumi, bila kupumzika. Zilikuwa video za Riziki, za wiki zote zile. Mama Feza aliichukua akazifungua. Katika ya kwanza msichana alikuwa anacheka na kuonyesha gauni. Katika zilizofuata alikuwa anarudia ishara moja, kiganja kifuani, kisha viganja viwili vikifunguka, vitupu. Sikuhitaji kutafsiriwa: alikuwa anamuuliza mama yake yuko wapi. Kisha video zikaisha, zikaja picha: lori la mizigo, soko la Kongolo, njia nyekundu yenye baiskeli za wafanyabiashara, na mwisho daraja la magogo juu ya kijito.

"Anakuja," Mama Feza akasema. "Anafikiri nimekufa. Hii daraja naijua, ni siku moja ya miguu kutoka hapa." Akaangalia tarehe. Picha ilikuwa ya siku nne nyuma.

Aliteremka kilima kile akikimbia, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, akamwachia mkunga kituo, na tukapanda watatu kwenye pikipiki ya Ramazani, mimi nyuma kabisa. Njia nzima hakugeuka. Niliushika mgongo wake kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kushika. Kila kijiji tulichopita aliuliza, na kila mtu alitikisa kichwa. Nilikuwa nikihesabu nguzo za nyumba, miti, kitu chochote, nikajikuta nimehesabu na kupoteza hesabu, na kuanza tena. Mawazo yangu yalikuwa yanakwenda msituni na kurudi na vitu ambavyo sitaviandika.

Tulimkuta kijiji cha pili upande huu wa daraja. Vijana wa ulinzi walikuwa na kizuizi pale, kamba tu juu ya njia, na msichana mgeni alikuwa amepita chini ya kamba bila kujibu. Walimwita, hakugeuka. Walimshika, akawaonyesha mikono, wakaona anawafanyia mambo ya ajabu. Wakamchukulia simu na kumfungia kwenye ghala la mbegu, wakisubiri mtu wa kumjua. Wanawake wa pale walikuwa wakimpelekea mihogo ya kuchemsha.

"Tulimuuliza jina mara tatu," mkubwa wao alijitetea.

"Hasikii," Mama Feza akasema.

"Sasa, angetuambia kama hasikii!"

Mama Feza alipita katikati yao mpaka mlango wa ghala, akauvuta, akasimama kwenye mwanga ili aonekane. Sikuona ndani. Niliona tu mikono ya Mama Feza ikipanda, ikisema kitu kirefu sana haraka sana, na kisha mikono miwili myembamba, yenye vumbi la mahindi, ikatoka gizani ikaishika, ikainyamazisha.

Walirudi Wamaza kwa pikipiki. Mimi nilirudi kwa miguu pamoja na wauza karanga, nikafika kesho yake na malengelenge.

Yaliyofuata Kasongo ni mafupi. Nilirudisha lango la zamani kwenye simu zote, kituo kwa kituo, na kila muuguzi nilimpigia kwanza nikamweleza ninachofanya na nilichofanya zamani. Nilimsimulia Shefu Bosco habari yote, tukiwa tumeketi kati ya zile rafu za vitambaa. Alinisikiliza na kalamu mkononi, kisha akauliza, "Kwa hiyo umempa muuguzi namba ya siri?" Hilo ndilo alilolisikia. Mkataba wangu ulipoisha haukuendelea. Lubumbashi sikwenda; niko hapa hapa Kasongo, natengeneza simu za watu, na mwenye simu huketi mbele yangu akitazama vidole vyangu. Mama Feza alitutoka miaka mitatu iliyopita. Kwenye matanga nilikaa nyuma.

Lakini ninachokirudia kichwani, hata pale kwenye harusi nikiuzunguka ua, ni asubuhi niliyoondoka Wamaza. Ramazani alikuwa anafunga mizigo. Riziki alikuwa ameketi uani kwenye mkeka, amenyolewa upya, ameoga, anachambua majani ya muhogo kwa ajili ya sombe. Mama yake alikuwa jikoni. Tangu kilima kile alikuwa amesema nami maneno ya lazima tu, chukua maji, lala pale.

"Mama," nikamwambia, "naomba umwambie Riziki ni miye nilifunga. Asifikiri ni rezo."

Alipuliza moto, hakunitazama. "Uko na mikono. Mwambie mwenyewe."

Nikaenda nikapiga magoti mbele ya mkeka. Riziki akainua macho. Nikaelekeza kidole kwenye simu. Nikajielekeza mimi mwenyewe. Kisha nikafunga kiganja changu juu ya kingine, kama mtu anayefunga mlango, na nikakikaza pale. Nilirudia, kwa sababu niliogopa ishara yangu haisomeki. Ilisomeka. Uso wake ulitulia kabisa. Akaweka majani chini, akafanya ishara moja, ya mkono mmoja, kiganja kikigeuka juu mbele ya kidevu.

Nikamtazama Mama Feza, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jiko.

"Anauliza juu ya nini, sababu gani ulifunga," akasema.

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelibeba tangu Kasongo: niliagizwa. Nikalitafuta mikononi mwangu. Nilionyesha upande wa Kasongo, nikaonyesha mtu mrefu, mwenye tumbo, nikaonyesha mdomo unaosema, na hata mimi nikaona kwamba nilichokuwa nachora hewani ni mtu mwingine aliye mbali ambaye hakuwa ameligusa lile lango. Nikashusha mikono. Riziki alisubiri. Alikuwa na subira ya mtu aliyezoea kuwasubiri wenye masikio watafute namna ya kumwambia kitu. Alisubiri muda mrefu, akinitazama vidole, mpaka alipoona havitasema. Kisha akavuta kikapu karibu na goti lake, akaendelea kuchambua majani.